Wasanii Tunao, Mtayarishaji Hatuna

Waungwana, tumekuwa hodari wa kulia. Akifa mwimbaji wetu, au malenga wetu, au fundi wetu wa udi, simu zetu hujaa rambirambi kabla hata maiti hajaoshwa. Huyu anatuma picha, yule anatuma kipande cha wimbo cha nusu dakika, wa tatu anaandika kwamba maktaba imeungua. Siku ya nne tunarudi kwenye siasa na mpira. Sasa mshike mmoja wa hao waliokuwa wakilia, umwulize: haya, nionyeshe basi saa moja tu ya huyo marehemu, amekaa kwa utulivu, anaulizwa juu ya kazi yake na mtu anayeijua, sauti inasikika na picha haitetemeki. Atakuonyesha nini? Atakuonyesha harusi. Marehemu yuko nyuma kabisa, jukwaani, mbele yake kina mama watatu wanatunza, na mpiga picha amezifuata noti.

Nimeyasikia maelezo yote ya kwa nini mambo yako hivi. Wako wanaosema hatuna pesa. Wako wanaosema serikali zetu hazijali. Wako wanaosema vijana hawataki ya kale, na hao ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu kijana hawezi kukataa kitu ambacho hajawahi kuandaliwa. Mimi nasema wasanii tunao, kamera tunazo, watazamaji tunao, na pesa kidogo zipo (nitazitaja zilipo). Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye kazi moja, na kazi hiyo hatujawahi kuipa heshima wala kuielewa. Nayo ni kazi ya mtayarishaji wa vipindi vya sanaa.

Usije ukanichanganyia na mpiga picha. Wala na yule mtangazaji aliyevaa suti. Mtayarishaji ndiye anayeamua nani apigwe na nani aachwe, anayetafuta fedha na ruhusa, anayemwambia mpiga picha asimame wapi na lini asitikisike, anayekesha na mhariri wakikata, anayehakikisha majina yameandikwa sawasawa, na kipindi kikiharibika yeye ndiye wa kulaumiwa. Zaidi ya yote, ni mtu wa kukataa. Sisi kwetu hakuna cheo cha mtu wa kukataa.

Nchi hii ya Uingereza, tunakoishi wengi wetu tunaosoma jarida hili, iliwahi kumpata mtu kama huyo, na watoto wetu waliozaliwa hapahapa hawamjui hata kwa jina. Aliitwa Huw Wheldon. Alizaliwa mwaka 1916 Prestatyn, kaskazini mwa Wales, akasoma Bangor, kisha akaja London School of Economics, chuo alichosoma pia Jomo Kenyatta katika miaka hiyohiyo ya 1930. Vita ilipokuja akaenda vitani. Mwaka 1944 alikuwa miongoni mwa askari walioshushwa Normandy kwa ndege zisizo na injini, na akatunukiwa nishani ya Military Cross. Vita ilipokwisha akawa mkurugenzi wa Wales katika Baraza la Sanaa, akafanya kazi kwenye lile Tamasha la Uingereza la 1951, na mwaka 1952 akaingia BBC.

Tazama aliingia kwa mlango gani. Aliajiriwa upande wa televisheni kuwa ofisa wa kuvitangaza vipindi kwa magazeti. Kazi yake ilikuwa kuwasifia wenzake. Hakuwa mchoraji, hakuwa mwongozaji wa filamu, na alikuwa amekwisha kuvuka miaka 35. Kwetu sisi mtu wa umri huo asiye na cheti cha utangazaji tungemwambia asitupotezee wakati.

Akapewa kipindi cha watoto kiitwacho All Your Own. Watoto walikuja studio kuonyesha kile wanachokifanya kwao kwa mapenzi yao: huyu kajenga kitu kwa njiti, yule anapiga chombo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja mvulana wa miaka 13 na wenzake, wamebeba magita. Wheldon akamwuliza, kwa uso wa kumheshimu kabisa, anataka kufanya kazi gani akikua. Mtoto akajibu kwamba angependa kufanya utafiti wa elimu ya viumbe. Mtoto yule jina lake James Page, ndiye Jimmy Page aliyekuja kuwa mpiga gita wa Led Zeppelin. Kipande hicho kipo hadi leo, na kinanipa wivu. Si kwa sababu ya Led Zeppelin. Ni kwa sababu kulikuwa na mtu mzima mwenye kamera aliyeona kuwa mtoto wa watu wa kawaida anayepiga gita ni habari ya kutosha, na akamwuliza swali badala ya kumpigia makofi. Watoto wetu wangapi wamesoma kasida za kukutoa machozi kwenye kumbi za kukodi za London na Leicester, na lililobaki ni mama mmoja kasimama juu ya kiti anachukua kwa simu, na nusu ya picha ni kilemba cha mtu aliyekaa mbele?

Jumapili usiku, tarehe 2 Februari 1958, BBC ikaanza kipindi kipya cha sanaa kilichoitwa Monitor. Wheldon akawa mhariri wake na pia uso wake. Kilikwenda mpaka 1965, ingawa msimu wa mwisho alikuwa amekwisha kumwachia mwengine. Kila baada ya wiki mbili: mchoraji, mchongaji, mtunzi wa muziki, mshairi, jengo, mchezo wa kuigiza. Orson Welles alikaa mbele yake mwaka 1960 akaeleza jinsi alivyoitengeneza filamu yake ya Citizen Kane. Lakini mimi sikusudii kukuhesabia wageni maarufu. Wageni maarufu kila mtu anawaita. Ninalotaka ulione ni lililotokea nyuma ya kamera, kwa sababu Monitor ilikuwa chuo. John Schlesinger alipitia hapo akiwa hajulikani, na baadaye akapata Oscar ya uongozaji kwa Midnight Cowboy. Alipoondoka, nafasi yake ikachukuliwa na kijana aitwaye Ken Russell, ambaye barua yake ya kuombea kazi ilikuwa filamu ndogo aliyoitengeneza mwenyewe, ya msichana mdogo na mabawa ya malaika. Melvyn Bragg naye alitoka humo, akaja kuanzisha The South Bank Show mwaka 1978 kwenye televisheni ya ITV, kipindi kilichodumu huko zaidi ya miaka thelathini. Mti mmoja, matawi yote hayo. Aliyekuwa akiumwagilia maji ni yule ofisa wa magazeti.

Sasa nije kwenye ugomvi. Russell alikuwa mtu wa moto. Alitaka kutengeneza filamu za maisha ya watunzi wa muziki waliokwisha kufa, na alitaka waigizaji wavae nguo za watu hao, waseme, wapendane, wagombane. Wheldon akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitii: hiki ni kipindi cha mambo ya kweli, na ukimweka mwigizaji anasema maneno ambayo marehemu hakuyasema, unamdanganya mtazamaji sebuleni kwake. Wakavutana. Katika filamu ya Prokofiev ya mwaka 1961 Russell akaruhusiwa kuonyesha mikono ya mtu, na kivuli cha mtu ndani ya maji ya bwawa. Basi. Fikiria: msanii mkubwa wa filamu anapewa kivuli ndani ya maji!

Mwaka uliofuata ikaja filamu ya Edward Elgar, iliyoonyeshwa tarehe 11 Novemba 1962, kipindi cha mia cha Monitor. Elgar ni yule Mwingereza aliyetunga ule wimbo mzito wa matarumbeta wanaouimba kila mwaka na bendera zao. Wheldon sasa akalegeza kamba kidogo: waigizaji waonekane, lakini kwa mbali, na wasiseme neno. Maelezo akayasoma yeye mwenyewe. Na kwa kuwa maneno yamekatazwa, ikabidi muziki ubebe mzigo. Unamwona mtoto amepanda farasi mdogo anapita juu ya vilima vya Malvern, na muziki unakwenda naye. Hakuna wa kukuambia huyu ni fulani, anawaza hivi na hivi. Kisha inafika Vita ya Kwanza, na ule wimbo wa fahari unapigwa juu ya picha za askari waliopofuka, wameshikana mabega. Hapo hata mimi, mjukuu wa waliotawaliwa na bendera hiyo, nimenyamaza.

Kipindi kilipendwa mno, kikarudiwa, na wengi humu nchini wanakubali kuwa ndicho kilichomrudisha Elgar kwenye masikio ya watu. Ndiyo maana nasema aliyeitengeneza filamu ile ni Russell, lakini aliyeifanya iwe vile ilivyo ni yule aliyekataa. Russell mwenyewe baadaye alipata uhuru wote alioutaka. Mwaka 1970 akatengeneza filamu juu ya Richard Strauss, warithi wa Strauss wakakasirika wakazuia muziki wa baba yao, na filamu ikafungiwa kabatini kwa miaka mingi. Kuna watakaosema hiyo ndiyo sanaa. Mimi bado nauchagua mwaka 1962.

Hapa ndipo ninapotaka tujitazame. Kwenye shughuli zetu nani anaweza kukataa? Tumepanga usiku wa taarab, tumekodi ukumbi, tumemleta mpiga kanuni kutoka nyumbani kwa nauli ya jasho la watu. Mpiga kanuni anaanza bashraf. Dakika ya tatu, mwenyekiti wa chama anataka mgeni rasmi atambulishwe kwa sababu ana safari. Muziki unakatwa. Mgeni rasmi anatambulisha aliofuatana nao. Kamera zote ziko kwake. Baadaye video inatoka: dakika kumi na nane za hotuba, dakika mbili za kanuni, na juu ya kanuni wamebandika muziki mwengine kwa kuwa ukumbini sauti haikutoka vizuri. Jina la mgeni rasmi limeandikwa kwa herufi za dhahabu, na vyeo vyake. La mpiga kanuni halipo. La aliyetunga mashairi halikuwahi kufikiriwa.

Na hili la mwisho ni aibu ya pekee, kwa sababu taarab ni mashairi kwanza. Sisi wenyewe ndio tunaojisifu kwa wageni kwamba mtu aweza kumjibu hasimu wake kwa beti tatu bila kumtaja. Sasa hizo beti nani alizitunga? Alimkusudia nani? Kwa nini mstari ule ulibadilishwa ulipopigwa mara ya pili? Mtunzi huyo mara nyingi ni mzee mmoja anakaa kimya kwenye viti vya nyuma ukumbini humohumo, na hakuna aliyemfuata na kinasa sauti. Mtayarishaji mwenye akili angeuacha ukumbi mzima akaenda kukaa naye.

Mtu atanijibu: ah, Wheldon alikuwa na BBC, na BBC ina pesa za leseni. Kweli. Lakini pesa haijui kuuliza. Hebu tukumbuke historia yetu wenyewe. BBC ilianza kutangaza kwa rangi mwaka 1967. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka michache tu baadaye, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994 kupata televisheni yoyote. Kwa hiyo mitambo ilikuwepo, na tena ilikuwa mipya, katika kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa na mafundi wa fidla na udi waliowahi kukaa pamoja na watu wa zama za Siti binti Saad. Waliofanya kazi pale walikuwa na mapenzi, siwavunjii heshima. Lakini kituo ambacho neno la mwisho ni la mwanasiasa hakiwezi kuwa na mtayarishaji. Kinaweza kuwa na wafanyakazi tu. Mwanasiasa hupenda ngoma wakati wa kumpokea uwanja wa ndege, na hapo ngoma huishia pale mlango wa gari unapofungwa.

Siti mwenyewe tunamjua kwa sababu gani? Kwa sababu alikwenda Bombay mwaka 1928 akaimba kwenye santuri, na kwa sababu Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Kampuni ya santuri ilikuwa ya wageni na ilitaka faida. Shaaban Robert ndiye aliyefanya kazi ninayoizungumzia hapa, kwa kalamu: alichagua, akauliza, akapanga, akaandika jina.

Na tulipofika kwenye kamera, tukawaachia wengine. Mwaka 1986, mwaka aliofariki Wheldon, Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alitokea kwenye televisheni za dunia na vipindi vyake tisa vya The Africans. Wamarekani wengine walikasirika mpaka mkuu wa mfuko mmoja wa serikali uliochangia fedha akataka jina la mfuko liondolewe. Tulijivuna, na tulikuwa na haki. Uso ulikuwa wetu na maneno yalikuwa yetu. Kiti cha utayarishaji kilikuwa cha BBC na wenzao wa Marekani. Ikapita miaka ishirini, na mwaka 2006 ikatoka filamu ya maisha ya Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wetu, ambaye dunia ilikuwa imekwisha kumtunuku tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, Andy Jones. Namshukuru kwa moyo wote, na alipofariki bibi yetu Aprili 2013 filamu hiyo ndiyo iliyotufaa. Wale waliokuwa wakinung'unika kwamba mzungu kala jina la bibi, nawauliza: ninyi mlikuwa mmeshughulika na nini miaka yote aliyokaa pale mjini na sigara yake, mlango wazi?

Nakupa mfano wa mwengine anayenikaa rohoni. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu na Mombasa, mshairi, mjuzi wa vyombo vya baharini na wa Kiswahili cha kale. Huyu ndiye anayesifika kwa kutupa neno runinga, akilichanganya rununu, yaani habari za kusikia, na maninga, yaani macho. Aliipa televisheni jina la Kiswahili! Alifariki mwaka 2017. Haya, msomaji, simama sasa hivi umtafutie mwanao dakika thelathini za mzee huyo katika runinga aliyoibatiza, zilizopangwa kwa uangalifu, akieleza jahazi linavyoundwa na kila ubao unaitwaje. Usiniletee semina, wala mkono wa mtu mwenye haraka. Ukizipata, mhariri wa jarida hili atafurahi kuzitangaza kwetu sote, na mimi nitakuwa wa kwanza kuzitazama.

Kuna na hawa wanaoniambia kwamba zama zimebadilika, kila mtu ana simu, kila mtu sasa ni mtayarishaji. Maneno haya yanapendeza na ni ya uongo. Kila mtu ana kisu jikoni lakini si kila mtu ni ngariba. Saa nne za video ndani ya simu ni shehena tu, haijawa kipindi. Nani atakaa aziangalie zote nne, aone kwamba lulu iko kwenye dakika ya 97, pale mzee alipodhani kamera imezimwa? Nani ataandika tarehe, mahali, jina la kila aliyepiga? Nani atakwenda kwa warithi kuomba ruhusa kwa adabu, na kuwagawia chao kikipatikana? Na simu ikianguka chooni? Msicheke, mikanda ya arusi mingi ya miaka ya 1980 imekufa kwa mambo madogo kuliko hayo. BBC yenyewe, pamoja na ukubwa wake, ilifuta mikanda mingi ya zamani ili itumike tena, na leo inaililia.

Halafu wako wanaodhani vipindi vya sanaa ni vya wasomi na wenye miwani. Wheldon alikuwa adui wa fikra hiyo. Inahusishwa naye kauli kwamba kazi ya televisheni ni kukifanya kizuri kipendwe, na kinachopendwa kiwe kizuri. Mwezi Machi 1962, miezi minane kabla ya Elgar, kipindi kilekile kilionyesha filamu ya Russell juu ya vijana wanne waliokuwa wakichora picha kutokana na matangazo ya biashara na waimbaji wa kisasa; wazee wa sanaa walikuwa hawajaamua kama hiyo ni sanaa. Kwa hiyo mtu asidhani ninapotetea udi nawatukana wanaoimba kizazi kipya. Singeli nayo ina watu wake, ina mafundi wake wa kuikimbiza ngoma, na nao watakufa siku moja bila kuulizwa kitu.

Sitaki mje mfikiri namfanya Wheldon walii. Alipanda cheo, mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa mkuu wa televisheni yote ya BBC mpaka 1975, akapewa usa, akazama katika utukufu wa nchi yake. Mwaka 1977 alitoa mfululizo wa vipindi juu ya hazina za sanaa za wafalme wa Uingereza, na sisi tuliotoka upande ule mwengine wa himaya huwa tunajiuliza, tukiona hazina, imetoka kwa nani. Yeye hakuwa na sikio hilo. Lakini somo la kazi halihitaji mwalimu awe malaika.

Nalitumia jina la Mwelshi huyu kwa sababu nyengine pia. Watu wa kwao ni wachache. Wasemaji wa Kiwelshi walikuwa kiasi cha nusu milioni tu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali ya Thatcher iliahidi stesheni ya televisheni ya lugha yao, kisha ikageuka. Mwanasiasa wao Gwynfor Evans akatangaza mwaka 1980 kwamba atafunga kula hadi afe. Serikali ikasalimu amri mwezi Septemba mwaka huohuo, na tarehe 1 Novemba 1982 S4C ikaanza kurusha matangazo. Baada ya hapo Kiwelshi kikahitaji waandishi wa michezo, wahariri, na hao watayarishaji ninaowapigia kelele, nao wakapatikana kwa sababu palikuwa na kazi ya kufanya. Sisi UNESCO inatuhesabu zaidi ya watu milioni 200, na tangu 2021 imetutengea Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Nimehudhuria siku hiyo humu London. Kulikuwa na keki. Iliandikwa Kiswahili, na hata hilo walikosea herufi.

Sasa zile pesa nilizosema zipo. Vyama vyetu humu nchini kila mwaka vinachapisha fulana, vinakodi ukumbi wa pili kwa ajili ya chakula, vinanunua ngao za shukrani za kuwapa watu ambao tayari wana ngao nyumbani. Nilikaa na mweka hazina wa chama kimoja, tukapiga hesabu ya fulana na ngao peke yake. Inatosha kukodi kamera mbili nzuri na vinasa sauti vya kubandika kifuani, kwa siku kadhaa, na kumlipa kijana mmoja aliyesomea uhariri. Wako, wanafanya kazi kwenye kampuni za watu na wanatamani kuitwa.

Hoja yangu kwa mkutano mkuu wa mwaka huu ni hii. Achaguliwe mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, sijali ametoka Lamu, Tanga, Unguja au Bukavu, apewe jina la mtayarishaji na muda wa miaka mitatu. Atoe vipindi vinne kwa mwaka, vya dakika thelathini, si zaidi. Asiwe mjumbe wa kamati, na kamati isione kipindi kabla hakijakamilika. Mwenyekiti asitokee ndani ya kipindi chochote, isipokuwa kama anapiga chombo. Wa kwanza asiwe mwimbaji, awe mtunzi, kwa kuwa yeye ndiye asiyeonekana. Aulizwe alifundishwa na nani kupima mizani, alilipwa nini, wimbo gani ulimgombanisha na watu na kwa nini, na kama zipo beti alizozificha kwenye daftari hazijapata kuimbwa. Kamera isimtikisike usoni. Akinyamaza, aachwe anyamaze.

Najua hoja itapingwa, na najua na nani. Anayepinga na aje, ukumbi ni wa wote. Ila namwomba aje na mkanda mmoja mkononi, wa msanii yeyote wetu aliye hai, tuuweke tuutazame wote mpaka mwisho, halafu ndiyo aanze kusema.